Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani huyu hula na kuandika kwa mkono wa kulia, lakini kitambaa hukikata kwa kushoto. "Mama, mbona unakuwa shoto kwenye mkasi tu?" wateja humtania. Watu na maneno yao!

Ujuzi aliupata kwa shangazi yake, ambaye hakuwa na subira ya kufundisha mtu. Walikaa wakitazamana, naye akamwiga kila kitu, hata kuuma uzi. Mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa upande wake wa kushoto, akaufuata hivyo hivyo. Shangazi alipogundua, alicheka hadi machozi: "Mradi kinakatika, mwanangu."

Sasa shangazi ni marehemu, na duka walimoshonea ni la fundi huyu. Kila akishika mkasi, huinua macho kwanza, akakutana na ukuta.