Mtu Aliyetafutwa na Nyanya

Nyumba yetu ya Kiwanjani ilinuka majani ya mgomba yaliyolowa, kwa kuwa nyanya, mama ya mama yangu, alikuwa muuza miraa, na mafungu yake, yaliyofungwa kwa majani hayo, yalilala ndani chini ya gunia bichi. Alianza kusahau bei, akasahau njia ya sokoni, kisha kiangazi kimoja, vumbi likiingia hadi kwenye sufuria, akanisahau mimi. Aliniita Karimi, jina la binti yake aliyefariki kabla sijazaliwa. "Mkubalie tu, usimuumize," mama akaniambia. Basi nikawa Karimi. Na jameni, Karimi alipendwa! Mimi, Kendi, nilikuwa wa kutumwa maji na kugombezwa. Karimi aliwekewa maziwa yenye utando, akasukwa nywele mlangoni, akaulizwa kama anakumbuka safari yao ya Garbatulla. "Nakumbuka, mama," nilimjibu, nami sikuwahi kufika huko. Nilianza kuuzoea uongo ule, hata nikaupenda.

Asubuhi moja alinishika mkono, uso umemjaa wasiwasi. "Karimi, Kendi ako wapi? Siku mingi sijamuona. Ama nilimkosea?" Ningesema, "Ni mimi hapa, nyanya." Haki ya Mungu, maneno yalinifika kooni. Lakini nikawaza maziwa, nikawaza vile vidole kichwani mwangu, nikamwambia, "Ameenda Ngaremara, mama. Atarudi." Tangu hapo alikaa mlangoni kila siku akiangalia barabara. Alikufa kabla ya mvua, bado akiniulizia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sasa nina watoto wangu, na mume wangu hunibembeleza: "Ulikuwa mtoto, huyo si wewe tena." Wapo hata wasomi wanaosema mtu ni kumbukumbu zake, zikikatika naye amekuwa mwingine. Ala! Basi nyanya alikuwa nani pale mlangoni, kumbukumbu nyingi zimemtoka na bado anaogopa kwamba alinikosea? Alikuwa nyanya yangu, yuleyule. Natamani sana kumkana yule msichana mwongo, nilale usingizi kama watu wengine. Lakini kama yule si mimi, basi nyanya alikufa akimtafuta mtoto mwingine, na hilo sitalikubali kamwe. Acha niumie. Alikuwa akinitafuta mimi.