Trei Mara Mbili, Rojo Mara Nne

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipookea sherehe ya dada yangu keki yenye unene wa kandambili. Usicheke mapema, bado sijafika.

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu utoto. Vijana wenzangu hapa Mkuyuni walipokimbilia ziwani na machimboni, mimi nilijifunga kanga ya mama kiunoni nikakoroga mayai. Baba alisema nina miguu ya kuku wa kutaga, haivuki uzio. Sikukasirika, kwa kuwa ni kweli. Hata leo safari yangu ndefu ni ya kanisani, na nikirudi nalala kama niliyetoka Dar.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nimefaulu, na kichwa kimevimba kama andazi. Dada yangu mdogo, Kabula, alikuwa anaagwa Jumamosi. Sendofu yake ilikuwa hapa nyumbani, na wakwe walikuwa wanatoka Musoma. Desturi unaijua: binti hukata keki, huwalisha wazazi wake, kisha husogea mbele ya watu wote akamlishe mama mkwe. Kipande kile hutazamwa kuliko gauni. Kwenye kikao cha ndugu, mjomba aliposema tuagize keki kwa mtu, nikasimama.

"Mjomba, mpishi mnaye ndani, mnatafuta nini nje?"

Kabula alinivuta shati. "Kaka, una uhakika?"

"Wewe lala usingizi," nikamwambia.

Trei niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ya keki ya mayai sita. Nikaona aibu, nikataka keki ya kufunika meza. Nikaenda Mabatini kwa fundi bati, nikamwekea trei yangu mbele.

"Nifanyie kama hii, ila urefu mara mbili, upana mara mbili. Kina kibaki hichohicho."

"Kijana," akasema fundi, "unaoka keki au unaezeka nyumba?"

Nikacheka naye. Swali lake lilikuwa na akili, mwanangu, lakini mimi nililichukua kama mzaha.

Tanuri lilikuwa la Mama Shija, jirani yetu aliyeoka mikate ya kuuza. Asubuhi ya Ijumaa, mikate yake ilipotoka tu, nikaingia uani kwake na trei kichwani.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba. Na hilo bati?"

"Trei ya keki ya Kabula."

"Rojo yake iko wapi?"

Nikamwonyesha beseni. Nilikuwa nimekoroga mayai kumi na mawili, pamoja na unga, siagi na sukari ya kulingana nayo. Trei mara mbili, rojo mara mbili, nani angebisha? Mama Shija akachungulia beseni, akatazama trei, akachungulia beseni tena.

"Ng'wanawane," aliniita Kisukuma, kama mama amwitavyo mwanawe, "hii haitoshi."

"Itaumuka, Mama."

"Itaumuka kwenda juu. Pembeni haiendi."

Nikampa lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nikamimina. Rojo ikatuama katikati kama dimbwi, pembe nne za trei zikabaki zinang'aa. Nikaisukuma kwa mwiko huku na huku, kama mtu anayekandika ukuta kwa udongo haba. Mama Shija akanifungulia mlango wa tanuri, akaketi na chai yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilipona, ikavunjika keki. Ilitoka kavu, kingo zimejikunja, na nilipojaribu kuigeuza ikakatika vipande vitatu. Kabula naye akaingia uani wakati huohuo. Alianza kwa kucheka. Halafu machozi yakamtoka.

"Kaka, kesho nimlishe mama mkwe biskuti? Si watasema kwetu keki tunaisikia redioni!"

Hilo lilinichoma kuliko tanuri. Mimi ndiye niliyemzuia mjomba asiagize, na aibu ingemwangukia Kabula, mbele ya watu atakaoishi nao maisha yake yote.

Mama Shija akaweka kikombe chini. "Haya, leta trei yako ndogo. Na ndoo ya maji. Na lile kopo."

Akaniamuru nijaze trei ndogo maji, nikihesabu makopo kwa sauti. Ikameza manane. Kisha trei kubwa. Nikamimina, moja, mbili, tatu, hadi kumi na sita, nikasimama nikingoja kuona imejaa. Maji yalikuwa yamefika nusu ya kina.

"Mbona umeacha? Endelea, msomi."

Ilijaa kwenye kopo la thelathini na mbili.

"Mara ngapi ya nane?"

"Mara nne, Mama."

"Na shuleni hawakuwafundisha?"

"Walitufundisha. Urefu mara upana."

"Kumbe! Elimu ukaiacha dawatini, nyumbani ukaja na cheti."

Kabula, machozi bado shavuni, akaangua kicheko. Nikajua tutapona.

Basi zikahitajika rojo za trei nne ndogo, yaani mayai ishirini na manne, na mimi mayai yangu nilikuwa nimeyateketeza. Kabula akapita nyumba kwa nyumba. Sijui alisema nini huko, ila majirani walikuja na mayai mikononi na maneno midomoni. "Tumesikia kuna mhitimu ana njaa ya mayai!" Mwingine akasema, "Tupisheni, tuione hiyo kandambili!" Wakaketi uani, wakapokezana mabeseni, wakakoroga sukari na siagi huku wakiimba nyimbo za kwaya. Wajomba wangu wawili waliokuja kusikitika waliimaliza ile keki iliyovunjika kwa chai, wakauliza kama kuna nyingine.

Ungedhani nimejifunza. Kumbe aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kwa hofu ya kupungukiwa tena nikakoroga na ziada, nikamimina hadi karibu na ukingo. Mama Shija akanishika mkono.

"Asubuhi ulikosa kwa uchache, sasa unataka kukosa kwa wingi? Itafurika. Juu itaungua, katikati utakuta uji. Nusu ya trei, basi. Nusu inayobaki si yako, ni ya keki kupandia."

Akachota ziada, akaitia kwenye trei ndogo, ikawa keki ya watoto. Kisha akapunguza moto wa tanuri. Keki pana haitaki hasira, alisema. Ukiiharakisha, kingo zinakauka kabla katikati hakujapata habari. Tukangoja. Akachomeka kijiti katikati kabisa, si pembeni, kikatoka kikavu. Tuliibeba watu wawili, imeumuka mpaka ukingoni, rangi ya dhahabu.

Jumamosi mchana Kabula akakata. Akawalisha baba na mama, akamsogelea mama mkwe, mama wa Kijita mwenye kilemba kirefu na uso usiosema kitu. Mama yule akatafuna taratibu. Akameza.

"Mwanangu," akasema, "ongeza. Hicho ni cha kuonjesha mtoto."

Vigelegele vilipasuka hadi mbwa wa mtaa wakabweka. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la jikoni, nalia kana kwamba ninayeagwa ni mimi.

Sasa nawaona ninyi, mnaoka kwa umeme, mapishi yote mnayo kwenye simu. Ni vizuri. Lakini mapishi hayaijui trei yako, mwanangu. Unapobadilisha chombo, kipime upya kwa maji. Jicho hudanganya, kopo halidanganyi. Tia rojo nusu, au izidi nusu kidogo, uache nafasi. Chombo kikipanuka, moto upungue na subira iongezeke. Na ukitaka kuahidi jambo kubwa mbele za watu, jua kwanza ukubwa wake, maana jambo likipanuka pande mbili halikui mara mbili tu. Mzee akikuambia haitoshi, muulize anahesabuje. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni lile tabasamu langu.

Nenda ukaoke, mwanangu. Unga usikupungukie, meza yako isikose walaji, na Mwenyezi Mungu akujalie kila unachokianza kiive mpaka katikati.