Mwano wa Bustani

Bustani ile ya Shinyanga mjini niliikuta nilipozaliwa: lango la chuma la zamani, mabenchi mazito, na kivuli kisicho na mwenyewe. Mimi nashona nguo ng'ambo ya barabara. Diwani wetu alipotangaza kwamba inakarabatiwa, nilipiga makofi pamoja na wajinga wenzangu.

Wakaizungushia mabati. Mabenchi yakapakiwa kwenye lori, tukaambiwa yanakwenda kupakwa rangi. Masika yakaja, yakapita, benchi hata moja halikurudi. Nilipouliza kwenye mkutano wa mtaa, diwani alitabasamu. "Mama, wewe shona. Mambo ya kitaalamu waachie wataalamu." Watu wakaangua kicheko. Nilirudi kwenye cherehani yangu nimevimba kwa hasira, na sikushona kitu siku ile.

Asubuhi moja nikaona lori lilelile linatoka bustanini, safari hii limebeba lango. Hapo nilipandwa na wazimu. Nikasimama katikati ya barabara, nikapiga mwano.

Kwetu Usukumani mwano si kelele tu. Ni yowe la kuibiwa ng'ombe, na anayelisikia huacha jembe, huacha uji, akaja mbio. Ukilipiga bure, unatengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuzika. Nami ni mjane, nawahitaji majirani kuliko wanavyonihitaji.

Walikuja na fimbo, mmoja povu la sabuni bado liko masikioni. Mzee anayewaongoza sungusungu, walinzi wa mtaa, akaniuliza akihema, "Ng'ombe wameelekea wapi, mayu, mama yetu?"

"Hakuna ng'ombe, baba. Wameiba bustani."

Wakatazamana. "Bustani inaibwaje?" mmoja akafoka. "Huyu katuchezea!"

Sikurudi nyuma. "Ng'ombe wakiibwa mnafanyaje?"

"Tunafuata nyayo," mzee akasema.

Nikamwonyesha alama za matairi kwenye tope la mvua ya jana. "Basi fuateni. Zikiishia pasipo na kitu, nitengeni."

Mzee alilitazama tope, akayatazama mabati, akaanza kutembea. Tukamfuata sote. Alama zikatupitisha nyuma ya soko, zikatufikisha kwenye nyumba ya wageni anayoijenga diwani. Lango letu lilikuwa linashushwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa uani, yanang'aa. Kumbe rangi yalipakwa kweli.

Diwani akatoka mbio. "Tokeni! Hapa ni kwa mtu binafsi!"

Nikaliendea benchi la kwanza, nikaketi. Mzee akaketi kando yangu, fimbo kailaza mapajani. Wengine wakayajaza yaliyobaki, na waliokosa nafasi wakasimama nyuma yetu.

"Sisi tuko bustanini, mheshimiwa," nikamwambia. "Ukitaka tuondoke, tupakie hivihivi tulivyokaa, uturudishe ulikotutoa."