Nilimwita Mwende Mvivu

Harufu ya mchanga mbichi hunirudisha Kathonzweni, miaka ya tisini ikielekea kuisha, kwenye mto mkavu tulikochimba visima kwa mikono na kungoja maji yajikusanye.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, dada yangu Mwende kumi na minane. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi, alikokuwa akifanya kazi nyumbani kwa daktari mmoja, na huyo daktari ndiye aliyemtumia vidonge. Niliambiwa ni dawa za kifua. Nani angemtajia mtoto virusi vya UKIMWI, tena baba akiwa mzee wa kanisa?

Mwanzoni vilimfaa. Alinenepa, akacheka. Kisha akaanza kuchoka. Tukipanda kutoka mtoni alitua mtungi mara tatu, mara nne, akakaa chini ya mgunga akihema, midomo imempauka. Mimi nilitaka kuwahi kucheza. Baba alizoea kutuambia, "Mchumia juani hulia kivulini." Basi siku moja, mbele ya wasichana wenzetu, nikasema, "Dada, wewe mvivu kweli! Umeingia kivulini hata hujachuma!"

Walicheka hadi wakamwaga maji. Mwende alitabasamu, akaubeba mtungi mgongoni, kamba ikimkaza kipajini, akapanda bila kupumzika. Alianguka mlangoni pa jikoni.

Hospitalini daktari wa zamu alimfunua kope, akavitazama vile vidonge.

"Hizi dawa zimemmaliza damu," alimwambia mama. "Huwapata baadhi ya wanaozimeza. Hamkuona akichoka?"

"Hakuniambia."

Mama akanigeukia. "Na wewe unayeenda naye mtoni? Hakuwa akihema?"

"Hapana," nikasema.

Mwende alikuwa macho. Alinitazama, akasema polepole, "Msimuulize huyo. Nilikuwa nikimficha."

Aliongezewa damu, vidonge vikasimamishwa. Miaka kadhaa baadaye dawa nyingine zilifika karibu nasi, akaanza upya, na hizo zikamkubali. Leo yu hai, ana cherehani yake sokoni.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kule kuhema ndiko kulikokuwa kuomba kwake msaada, na kwamba ni mimi pekee niliyekusikia kila siku. Juzi nilimtembelea nikiwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto. Nilikunywa vikombe viwili, nikaaga.