Kucha Moja Iliyofutwa Rangi

Muuguzi wa zamu ya asubuhi hakipimi kidole cha mgonjwa kwa mashine ya oksijeni kabla hajakipasha joto kwa viganja vyake. Siku ile bibi mmoja, aliyepakwa rangi kucha zote kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, alipimwa, mashine ikaonyesha kiwango cha chini, lakini akataka aruhusiwe aende. “Rangi tu hii inaidanganya mashine yako, mwanangu.” Muuguzi aliifuta kucha moja kwa pamba, taratibu, akapima tena: asilimia themanini na nne, bado chini mno. Ulimi nao ulikuwa wa zambarau. Mapafu yalikuwa yakiipa damu oksijeni haba. Akamvisha barakoa, akafungua mtungi wa oksijeni. “Harusi siwezi kukuahidi, bibi. Ila sibanduki hapa mpaka ulimi huu uwe mwekundu.”

“Basi vuta kiti,” bibi akasema ndani ya barakoa. “Wanaoana saa nane.”