Barafu Ndani ya Arobaini

Bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa sikuiona. Nilikuwa nimejifungua mwanangu wa kwanza nyumbani kwa mama, Msambweni, na siku arobaini za uzazi zilikuwa hazijaisha. Asubuhi na jioni mama alinikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, na mvuke ukajaa chumba hata nikaona dari inaelea.

Mtungi wa maji ya kunywa, uliofukizwa ubani, ulikuwa nje ya mlango wangu. Nikisikia kata ikigonga ukingo wake, koo liliniuma kwa hamu. Mama hakutaka hata kusikia.

"Baridi ikikuingia sasa, mwanangu, itapita kwenye maziwa imfikie mtoto."

Mume wangu, mwalimu wa shule, alikuja kila alasiri akanifundisha Kiingereza dirishani, maana ndani hakuruhusiwa. Siku moja tulifikia neno lao la baridi. Alisema asili yake ni neno la kale la kuganda, na kwamba Waingereza hulitumia kwa mafua, na hata kwa mtu asiye na huruma. Niliwasikitikia. Baridi yetu ilitoka kwa Waarabu pamoja na ndugu yake, kuburudika, na mtoto mchanga tunamwita kiburudisho.

"Basi nitakuletea ya kukuburudisha," alisema.

Kesho yake alileta barafu kutoka hoteli moja ya Diani, ndani ya gunia la unga wa mbao. Ilikuwa imebaki kama yai.

"Kula tu. Hayo ni mambo ya wazee."

Nikaitia kinywani, nikafumba macho. Maji yalishuka taratibu, na kwa kitambo sikuwa mzazi wala mke wa mtu. Nilikuwa nimelala kivulini, mahali ambapo hapana aliyenihitaji.

Asubuhi mtoto alikuwa anachemka, titi halitaki. Nililia, nikamwambia mama kila kitu, nikangojea ulimi wake mkali. Badala yake alichovya kitambaa katika maji ya mtungi, akakiweka juu ya paji la mtoto, akakigeuza, akakichovya tena, hadi adhuhuri. Mume wangu alimleta dresa wa zahanati, aliyetoa dawa na kusema ni malaria. Jioni mtoto alinyonya.

"Umesikia, mama? Ni malaria. Si barafu," nilimwambia.

"Huenda." Alikikamua kitambaa. "Kabla yako nilimzaa kaka yako. Nilikunywa kata moja tu ndani ya arobaini yake. Mimi sikupata wa kuniambia kama ni maji au si maji."

Sikuwa nikijua kwamba niliwahi kuwa na kaka.

Siku ya arobaini mama mwenyewe alinitekea maji mtungini. Kisha akampakata mtoto, akaketi mbele yangu, na mkono wake haukuondoka juu ya lile paji mpaka nilipomaliza kunywa.