Maman Adélaïde Aliogeshwa Mara Sita

Ulipita pale. Usikatae.

Ulikuja hospitali kuona shangazi yako mu salle ya wamama wagonjwa, termosi ya uji mukononi. Ukaona mama mwembamba amelala peke yake karibu na dirisha. Harufu ikakufikia. Ukajifanya unatafuta simu mu sakoshi, ukapita.

Mimi sisahau sura za watu. Yako nayo ninayo.

Sasa sikiliza kile kilitokea mu kitanda hicho. Yule mama alimaliza wiki mingi bila mutu kumuosha. Kisha asubuhi moja wakamuogesha mara sita.

Naapa. Mara sita. Mimi ndiye nilikuwa wa sita.

Naitwa Apolline. Nilikuwa nasomea kazi ya aide-soignante hapa Bukavu, yaani yule anayeosha mugonjwa, anayemugeuza asipate vidonda, anayemulisha.

Hivyo ndivyo walitufundisha. Lakini mu salle kazi hizo zote wanaachia garde-malade, mutu wa jamaa anayelala chini ya kitanda chako na kukupikia nje. Uko na jamaa? Utaoga. Hauna? Basi, vumilia.

Yule mama wa dirishani, Maman Adélaïde, alitoka Bunyakiri, nyonga imevunjika. Watoto wake walibaki kule, barabara haipitiki juu ya vita. Sisi wanafunzi hakutusemesha. Tulizani hata akili imemutoka.

Kila mara nilimuomba Papa Adalbert, mwalimu wetu wa stage, yale mazoezi ya hospitalini, ruhusa ya kumuosha.

"Apolline, unapenda mambo mingi. Leo tunapima tension ya damu."

Siku ya mutihani ikafika. Épreuve: kuogesha mugonjwa kitandani. Tulikuwa sita, na kila mumoja alipashwa kupata mugonjwa wake.

Jamaa za wagonjwa zikakataa. "Maman yetu si mudoli wa kuchezea!"

Sasa nani hakuwa na jamaa wa kukataa kwa ajili yake? Maman Adélaïde tu, basi sisi wote sita tukapewa yeye.

Wa kwanza akamuosha na maji ya moto. Vizuri kabisa. Maman Rosette, garde-malade wa kitanda cha pili, akapiga kigelegele.

"Eeh, Adélaïde! Leo uko bibi arusi!"

Salle nzima ikacheka. Hata mimi.

Wa tatu, maji ya moto yakaisha. Wakachota ya baridi mu robinet. Unajua baridi ya asubuhi hapa, ziwa liko palepale chini.

Wa tano, hakuna aliyecheka.

"Ninyi batoto," Maman Rosette akauliza, "muko namuosha ao muko namufua?"

Zamu yangu. Midomo yake imekuwa ya majivu. Meno yanagongana. Nikaweka beseni chini.

"Papa Adalbert, huyu mama ameisha kuoga. Iko natetemeka. Acha nimukaushe, nimulishe. Tangu asubuhi hajaweka kitu mu kinywa."

"Kulisha haiko mu épreuve."

"Lakini njaa iko."

"Apolline. Ukiacha hilo beseni, ni zéro. Diplôme hakuna."

Mwaka muzima wa masomo ulikuwa mu hilo beseni, wajua? Mama yangu alishaanza kuniita muganga mbele ya majirani.

Nikafungua kitenge changu, nikabaki na jupe, ile sketi ya uniforme. Nikamufunika. Maman Rosette akanipa uji wa mugonjwa wake. Nikalisha.

Papa Adalbert akaandika. Nikajua ni nini.

Hasira ikanipanda. "Munamutumia juu hana mutu wa kumutetea! Hamuna haya?"

Mukono wa baridi ukanishika.

"Mwanangu, usimugombeze." Ni Maman Adélaïde! Sauti kama mulango wenye kutu. "Ni mimi nilimuomba."

"Ulimuomba nini, maman?"

"Aniweke mu mutihani. Ninyi wote mupite kwangu." Akameza uji. "Mukimaliza leo, nani atanigusa tena?"



"Unaona?" Papa Adalbert akasema. "Alikubali."

Alikubali! Neno hilo lisije karibu yangu. Mutu mwenye kuachwa wiki mingi atakubali hata baridi imuue, bora mukono wa mutu uwe juu yake. Na wewe unaita hiyo ruhusa?

Watano wakapata diplôme. Kesho yake hakuna hata mumoja aliyerudi kwake. Nilirudi mimi, yule wa zéro. Gardien wa mulangoni ananicheka mpaka leo: "Docteur Zéro, ingia!" Ninaingia. Ninapasha maji kwa moto wa makala, ninamuosha mara moja, inatosha.

Lakini kitanda ni kimoja, mikono yangu ni miwili. Maman kama yeye wako mu kila salle ya muji huu, na shule zinaendelea kutoa watu wenye diplôme wasiogusa mutu.

Usiniandikie "pole" hapa chini. Pole yako haina moto.

Leo, saa ya kutembelea wagonjwa, simama mulangoni mwa salle iliyo karibu na kwako. Uliza kwa sauti: "Nani hapa hana garde-malade?"

Mukono mumoja utainuka pole pole. Nenda ukaushike.

Bado uko nasoma? Simama.